Kimoja ni chama, kingine ni mtu

Swali lenu la wiki hii, kama China na Urusi zinatawaliwa kwa mtindo mmoja, wengi watalimaliza kwa kusema udikteta ni udikteta tu. Sikubaliani nao. Urusi ni dola ya mtu. China ilikuwa dola ya chama, yaani Chama cha Kikomunisti, na hiyo "ilikuwa" nimeiandika kwa makusudi.

Kiongozi wa China, Deng Xiaoping, alianza mageuzi mwaka 1978 kwa kulegeza uchumi huku siasa akiibana. Mji wa Shenzhen ukafunguliwa kwa wawekezaji mwaka 1980. Lakini wanafunzi walipodai uhuru pale uwanja wa Tiananmen, Beijing, mwaka 1989, jeshi liliwapiga risasi. Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alilegeza siasa huku uchumi ukiyumba, na Desemba 1991 Umoja huo ukasambaratika. Chini ya Yeltsin, rais wa kwanza wa Urusi, mali za umma ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na mwaka 1998 serikali ikashindwa kulipa madeni. Kwa hiyo Putin, aliyekaimu urais tarehe 31 Desemba 1999, alipokea wananchi waliochoka. Chama cha maana hakuwa nacho. Alikuwa na wenzake wa idara ya usalama na wa mji wake wa St Petersburg, na bahati ya bei ya mafuta kupanda. Tajiri wa kampuni ya mafuta ya Yukos, Mikhail Khodorkovsky, alipotiwa ndani mwaka 2003, matajiri wenzake wakashika adabu.

Tofauti utaiona mambo yanapochacha. Juni 2023 Yevgeny Prigozhin, mwenye jeshi la kukodi la Wagner, aliteka makao ya jeshi mjini Rostov na msafara wake ukaelekea Moscow, mpaka Lukashenko wa Belarus akaingia kati. Miezi miwili baadaye ndege ya Prigozhin ikaanguka akafa. China mtu binafsi mwenye jeshi hayupo, maana hata jeshi la nchi kiapo chake ni kwa Chama. Tajiri Jack Ma alipowasema wasimamizi wa fedha hadharani Oktoba 2020, haikuhitajika hata risasi moja: siku chache baadaye uuzaji wa hisa za kampuni yake ya fedha, Ant, ulisimamishwa, naye akapotea machoni pa watu kwa miezi kadhaa.

Hata huku kwetu Afrika kila mmoja anauza anachokijua. Wachina wamesaidia kujenga Kibaha shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022, wanakosoma makada wa CCM na wa vyama vitano rafiki vya kusini mwa Afrika. Warusi walipeleka Wagner Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakamlinda Rais Touadéra.

Sasa ile "ilikuwa". Baada ya maafa ya Mao Zedong, aliyetawala China peke yake mpaka kufa, katiba ya mwaka 1982 iliweka ukomo wa mihula miwili ya urais. Jiang Zemin akamwachia Hu Jintao, Hu akamwachia Xi Jinping, bila damu kumwagika. Kwa nchi isiyo na uchaguzi huru, hilo si jambo dogo, na kwangu ndilo lililoipa China nguvu kuliko hata viwanda vyake. Machi 2018 Bunge likaufuta ukomo huo: kura 2,958 za ndiyo, 2 za hapana. Putin naye mwaka 2020 alibadili katiba, akajipa nafasi ya kubaki mpaka 2036. Mwaka 2022 Xi alichukua muhula wa tatu wa kukiongoza Chama, na katika kamati kuu ya Chama yenye watu saba hakuna hata mmoja anayeonekana kuandaliwa kumrithi.

Septemba 2025, wakienda kutazama gwaride Beijing, kipaza sauti kilichoachwa wazi kiliwanasa Xi na Putin, kila mmoja ameshapita miaka 70, wakizungumzia kupandikiza viungo na binadamu kuishi mpaka miaka 150. Hapo sikuona tena chama wala mtu. Niliona wazee wawili wenye shida moja.