Kabla hujakubali kuwa ni ugonjwa wa neva za mwendo, uliza kuhusu GM1

Kaka yangu ni fundi cherehani. Yalianza kwa mkasi: siku moja akaukata mguu wa suruali nusu, vidole vikagoma kuufungua tena. Baada ya miezi kadhaa kiganja cha kulia kikawa kinaning'inia. Ganzi hana, maumivu hana. Hospitali tuliyoanzia walisema ni ugonjwa wa neva za mwendo, ule aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking, tukarudishwa nyumbani. Mama hakula siku mbili.

Wengi wanaoambiwa hivyo wanao kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha. Kipimo cha kingamwili dhidi ya GM1, mafuta fulani yaliyomo kwenye utando wa neva, kinautafuta ugonjwa mwingine unaofanana nao, MMN (kwa Kiingereza multifocal motor neuropathy), ambao kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia neva. Na huo una dawa.

Daktari wa pili, bingwa wa mishipa ya fahamu, alimwambia kaka atoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu. Ulikuwa umetulia, hauchezichezi kama unavyoweza kwa wenye ugonjwa wa neva za mwendo. Akagonga kwa kinyundo: mkono mgonjwa haukuitika, ilhali kwenye ugonjwa wa neva za mwendo mara nyingi viungo huruka kupita kiasi. Kisha akaagiza kipimo cha umeme wa neva. Umeme ukipigwa kwenye kifundo cha mkono, msuli unaruka vizuri. Ukipigwa juu ya kiwiko, unafifia njiani. Neva ilikuwa imeziba.

Majibu ya GM1 yakaja hasi. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikalia. Daktari akanifuata pale pale: karibu nusu ya wenye MMN hawaonekani na kingamwili hizo, na kiasi kidogo chake huweza kuonekana hata kwa wenye ugonjwa wa neva za mwendo. Yeye aliuamini ule mzibo.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa ambaye mkono umelegea upande mmoja bila ganzi, komalia kipimo cha neva kwanza. Damu ya kingamwili itolewe kabla ya dripu ya imunoglobulini, ambayo ndiyo dawa ya MMN, maana dripu hiyo imebeba kingamwili za maelfu ya wachangiaji na majibu yatavurugika. Na msikubali prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, ya kubahatisha. MMN huweza kuzidi kwayo.

Dripu ni ghali mno. Tuliuza kiwanja. Wiki ya tatu kaka aliuchukua mkasi bila kumwambia mtu, tukasikia tu sauti ya kitambaa kikikatwa. Nguvu hiyo haikai. Dripu hurudiwa kila baada ya wiki chache, na siku za mwisho mkasi huanza tena kumponyoka. Siku hizo namkatia mimi.