Wapulizaji katika Roki: Je, ni Pambo Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, bendi yetu hupiga muziki katika hoteli moja hapa Malindi, ambapo wageni wenye umri mkubwa hutuomba nyimbo za roki za miaka ya sitini na sabini. Hivi karibuni tumepata vijana wawili, mmoja wa tarumbeta na mwingine wa saksafoni alto, lakini mwimbaji wetu anashikilia kwamba roki ni magitaa na ngoma, na wapulizaji ni pambo. Je, ni kweli?
Mpiga gitaa, Malindi

JIBU: Si kweli, na ushahidi umo katika wimbo ambao bila shaka mmeshaombwa. Keith Richards wa Rolling Stones amesimulia kwamba mlio ule wa gitaa la kukwaruza unaofungua “Satisfaction” ya 1965 aliuweka kama kielelezo tu, akitarajia kwamba baadaye ungepigwa na wapulizaji. Rekodi ilitoka ilivyo, na mwaka uleule Otis Redding akaurudia wimbo huo Memphis, Marekani, akawapa wapulizaji sehemu ile ile ya gitaa.

Desturi yenyewe ilitoka kwa Wamarekani weusi, katika muziki wa soul, ambamo wapulizaji humjibu mwimbaji pale anapovuta pumzi. Beatles waliifuata mwaka 1966 katika “Got to Get You into My Life”, kwa wapulizaji wa kukodiwa. Bendi ya Chicago, iliyoanzishwa 1967, ilikwenda mbali zaidi: James Pankow wa tromboni, Lee Loughnane wa tarumbeta na Walter Parazaider wa saksafoni na filimbi walikuwa wanachama kamili, na Pankow aliwatungia sehemu zao kana kwamba wao ni mwimbaji wa pili. Katika “25 or 6 to 4” ya 1970 wanapiga kwa mikato mifupi, wote kwa pamoja, kisha wanampisha Terry Kath na gitaa lake. (Nashangaa kwamba mwimbaji wenu, ambaye naamini amewahi kucheza dansi la Mlimani Park, anaona ajabu saksafoni kukaa pamoja na magitaa.)

Kwa wapulizaji wawili hamtapata uzito wa Chicago, kwa hiyo waacheni wapige sauti moja kwa pamoja, wanyamaze katika sehemu kubwa ya ubeti, na waingie kwenye kiitikio.

Tatizo litakalowasumbua hasa ni kii, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Wapiga gitaa hupenda E, lakini noti za tarumbeta na alto huitwa tofauti na za gitaa: E yenu humlazimu mpiga tarumbeta ya kawaida kupiga F sharp yenye sharp sita (noti zilizopandishwa nusu sauti), na mwenzake wa alto C sharp yenye sharp saba. Bana nyuzi zote za gitaa kwa kibano (capo) kwenye kituo cha kwanza cha shingo yake, upige vidole vile vile vya E: wimbo utapanda hadi F, tarumbeta itapiga G na alto D, na mwimbaji hatapandishwa zaidi ya nusu sauti.