Kabla ya kutoa pesa, pitisha kidole chini ya shingo

Swali la wiki hii lilikuwa: ukikuta baiskeli kuukuu ambayo mwenyewe anasema ni ya safari ndefu, utajuaje kama ni yenyewe, na utaikaguaje kabla ya kuinunua?

Mimi naanza na fremu, tena kwa kidole kabla ya macho. Niliyajua haya baada ya kupata hasara.

Ya kwanza niliinunua jioni, mwanga umeshafifia. Rangi yake ya kijani iling'aa, keria ipo, mabango ya matope yapo, na muuzaji aliniambia imetunzwa. Siku ya tatu niliifunga mizigo nikashuka nayo mlima, ikaanza kuvuta kushoto. Kila nikiirudisha, inavuta tena. Fundi niliyempelekea hakugusa breki wala giya. Aliipindua, akapitisha kidole upande wa chini wa bomba la mshazari, kama sentimita tatu kutoka kwenye shingo ya usukani, kisha akanishika mkono nami nipitishe. Palikuwa na kituta kidogo, kama mshipa uliovimba, na juu yake ile rangi mpya imeshafanya ufa mwembamba kuliko unywele. Baiskeli ile iliwahi kugonga kitu uso kwa uso, bomba likajikunja kidogo, ikapakwa rangi, ikauzwa. Cheni mpya, matairi mapya, breki mpya: hakuna ambacho kingeiponya.

Kwa hiyo pitisha kidole hapo, na chini ya bomba la juu pia, karibu na shingo. Chuma kizima ni laini moja kwa moja. Halafu simama ubavuni uiangalie foki. Sehemu yake iliyonyooka, kabla ya kupinda mbele, iwe kwenye mstari mmoja na shingo. Ikiwa imerudi nyuma, hiyo imegonga.

Kipimo kingine kinataka uzi na rula tu. Funga uzi kwenye kishikio cha ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi kishikio cha upande wa pili, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja haisumbui. Ikifika tatu, mimi naacha, hata kama nimeipenda namna gani.

Sasa kuitambua. Wengi hutazama stika na keria, na vyote viwili ni rahisi kubandika. Keria ya kubana kwa vishikizo inakaa hata kwenye baiskeli ya mashindano. Tazama vitu ambavyo mtengenezaji aliviweka kwa moto. Karibu na ekseli pawe na vitundu vyenye hesi, viwili kila upande kama ni nzuri, kimoja cha bango la matope na kimoja cha keria. Pima kutoka katikati ya krenki, yaani mikono inayoshika pedali, hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Ya mashindano huwa kama sentimita 41, ya safari huwa 43 hadi 46. Urefu huo una kazi: ukifunga mifuko nyuma, kisigino kisiigonge kila unapokanyaga, na uzito usikae nyuma ya gurudumu ukaifanya mbele iwe nyepesi. Hesabu spoku za nyuma, tarajia 36 au 40. Mbele kwenye krenki mara nyingi utakuta sahani tatu za meno, ile ya ndani ndogo kabisa kwa ajili ya milima.

Stika ya Reynolds 531 ndiyo inayowapandisha watu bei. Chuma hicho cha manganizi na molibdeni kilitoka Birmingham, Uingereza, mwaka 1935, na sifa yake ni ya haki. Lakini stika mpya za 531 zinapatikana mpaka leo, na hata stika halisi hazisemi jambo moja: nyingine husema mabomba yamepunguzwa unene katikati, nyingine husema ni mabomba matatu tu ya unene wa kawaida. Mimi huomba kuchomoa nguzo ya siti. Kipenyo chake mara nyingi kimegongwa kwenye chuma. Kwa fremu ya Kiingereza ya 531 nyepesi, milimita 27.2 ndicho kipimo ninachotarajia. Kikiwa kidogo sana, mabomba ni mazito kuliko stika inavyodai. Za Kifaransa usizihukumu kwa kipimo hicho, maana mabomba yao yalikuwa ya kipenyo tofauti.

Kuichomoa nguzo hiyo kunakupa jibu la pili. Ikiwa ni ya alumini na imekaa miaka ndani ya chuma bila grisi, huwa zimeshikana kwa kutu ya aina yake na haizunguki hata kwa nguvu. Nimeona fremu nzuri ikikatwa kwa sababu hiyo. Legeza pia bolti ya usukani uone kama shina lake linasogea.

Umri usome kwenye vyuma. Vifaa vingi vya Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, vimegongwa herufi mbili, ya kwanza mwaka, ya pili mwezi. A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea. Kwa mwezi, A ni Januari mpaka L kwa Desemba. Kwa hiyo HD ni Aprili 1983. Habu za Sturmey-Archer, yaani vitovu vya gurudumu vya kampuni hiyo, mara nyingi zimeandikwa tarakimu za mwaka wazi kabisa. Kifaa kimoja hakitoshi kwa sababu vifaa hubadilishwa. Tafuta viwili au vitatu vinavyokubaliana, kisha linganisha na jina la baiskeli. Dawes Galaxy, baiskeli ya safari ya Kiingereza, ilianza 1971, kwa hiyo anayekuambia yake ni ya 1965 amekosea au amebandika. Trek 520, ya safari ya Kimarekani, ni ya kuanzia 1983. Mwaka 1976 maelfu ya watu walivuka Marekani kwa baiskeli katika Bikecentennial, na nyingi ya baiskeli za safari ninazoziona mimi ni za miaka kumi iliyofuata.

Magurudumu yanataka uangalifu. Za zamani nyingi ni za inchi 27, ambazo kiti cha tairi kina kipenyo cha milimita 630, na za sasa nyingi ni 622. Zinafanana kwa macho, ila tairi ya moja haikai kwenye nyingine, na ukibadilisha rimu viatu vya breki lazima vishuke milimita 4. Angalia kama vinafika. Pitisha kidole pale breki inapokamata: rimu ikiwa imebonyea kama kijiko, imekwisha. Fremu za Kifaransa na za Kiitaliano mara nyingi zina hesi zao pale ekseli ya krenki inapoingia, kwa hiyo uliza vipuri kabla hujalipa.

Cheni ni ya kujadilia bei tu. Pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, yaani milimita 304.8 kwa cheni mpya. Ikipita 307, hesabu kubadili na meno ya nyuma. Usukani wa alumini na shina lake mimi hubadilisha bila kuuliza umri, kwa sababu alumini iliyochoka hukatika ghafla. Na soma nambari ya fremu chini ya krenki. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka.

Ya pili niliyonunua ilikuwa chafu, rangi imebanduka, matairi yamekauka na kupasuka. Kidole kilipita laini. Uzi ulitoa tofauti ya milimita moja. Nguzo ya siti ilitoka kwa mkono, 27.2, na herufi za giya ya nyuma na za krenki zilipishana miezi miwili. Nimeisafiria miaka mingi na sijaipaka rangi. Nataka atakayeichukua baada yangu naye apitishe kidole kwenye chuma kilekile.