Gumba kupotea ukibadilisha kodi za gitaa

Umeuliza kwa nini mdundo unakatika kila ukitoka kodi (noti kadhaa za pamoja) ya C kwenda ya G kwenye gitaa, ilhali mkono wa kushoto unawahi vizuri. Tatizo ni gumba la mkono wa kulia, ndugu yangu. Kwenye C linaanzia uzi wa 5, kwenye G linahamia wa 6, na hapo vidole vingine navyo vinalifuata. Vizuie: cha shahada kibaki uzi wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1, kodi yoyote ile. Cheza gumba peke yake kwanza, polepole kabisa, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, mpaka lijue njia bila kutazamwa. Na usiimbe bado! Ukiimba mapema mkono unaanza kukimbia, hasa kwenye kiitikio.