Mshale Umepotelea Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Skrini za 4K

Barua za safari hii zinalia kilio kimoja. Mtu kapata kompyuta yenye skrini kali ya 4K, yaani yenye pikseli (vinukta vinavyounda picha) 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, kaiwasha kwa furaha, na baada ya dakika kumi pua inakaribia kugusa kioo. Nimezijibu kwa zamu. Majina ya vipengele nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye mashine nyingi, maana mkivitafuta kwa Kiswahili changu hamtaviona.

Shikamoo fundi. Laptopu yangu ni ya inchi 14, skrini yake 4K. Maandishi nayasoma vizuri, lakini mshale wa mausi ni kama sisimizi. Nikigeuka kidogo tu, naanza kuutafuta upya.

Marahaba. Tumpime kwanza huyo sisimizi. Mshale wa kawaida wa Windows una urefu wa pikseli 19 hivi. Kwenye skrini ya inchi 24 ya Full HD (pikseli 1920 kwa 1080), ambako inchi moja hubeba pikseli kama 92, ukiuwekea rula unapata milimita 5 na ushee. Uhamishie kwenye skrini yako, yenye pikseli kama 315 kwa inchi, bila kuukuza: milimita moja na nusu. Kwa hiyo macho yako hayana kosa.

Ingia Settings, kisha Accessibility, kisha "Mouse pointer and touch". Kuna kitelezi cha ukubwa kinachoanzia 1 hadi 15. Jaribu 3 kwanza. Kwenye Windows 10 kipo tangu toleo la 1903, la mwaka 2019, ila huko kinakaa chini ya "Ease of Access". Ukiwa hapohapo badilisha na rangi. Mimi naona rangi inasaidia kuliko ukubwa: mshale mweupe juu ya ukurasa mweupe unapotea hata ukiwa mnene, lakini wa kijani cha kuwaka hauna pa kujificha.

Bado unapotea? Fungua lile dirisha la zamani la "Mouse Properties", nenda "Pointer Options", utie tiki mstari unaosema "Show location of pointer when I press the CTRL key". Kuanzia hapo ukibonyeza Ctrl, duara zinajikusanya kuuzunguka mshale ulipo. Wenye Mac hawahitaji hata hilo. Wakiitikisa mausi haraka kushoto na kulia, mshale unavimba wenyewe.

Na kama umepakua mishale ya mapambo, iondoe kwanza ndipo uanze kulaumu kitu kingine. Nyingi zina picha moja tu ya pikseli 32 kwa 32. Isipokuzwa inabaki sisimizi, ikikuzwa inaota meno ya msumeno.

Niliona vitu vidogo, nikashusha resolusheni kutoka 3840×2160 hadi 1366×768. Sasa vikubwa vya kutosha, lakini kila kitu kina ukungu. Skrini ni mbovu?

Skrini ni nzima, ila umeifunga miguu. Pikseli zake zimejengwa kiwandani na hazihamishiki: 8,294,400, basi. Ukiiambia ionyeshe 1366 kwa upana, kila pikseli ya picha inatakiwa ienee kwenye pikseli 2.8 za kioo. Hakuna pikseli yenye nukta nane, kwa hiyo mashine inachanganya rangi za majirani, na huo mchanganyiko ndio ukungu unaouona.

Rudisha 3840×2160, pale palipoandikwa "Recommended". Kisha panda juu kidogo kwenye ukurasa huohuo hadi "Scale", weka 200% au 250%. Herufi zitakuwa kubwa kama ulivyotaka, na safari hii zitachorwa kwa pikseli nyingi zaidi, kwa hiyo zitakuwa kali. Resolusheni ni ya kuachwa ilivyo, ukubwa wa vitu unapangwa kwenye "Scale". Watu huchanganya mambo haya mawili kuliko yote niliyowahi kuulizwa.

Fundi, skrini nzima iko safi isipokuwa programu yetu ya uhasibu, ya zamani kidogo. Maandishi yake ni kama nayatazama kupitia kioo chenye mvuke. Mwenzangu ana programu nyingine yenye shida ya kinyume: maandishi makali, ila vitufe vidogo kama vidoa vya kalamu. Ni ugonjwa mmoja?

Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Jiulize: hapa nani anakuza, programu au Windows?

Kwa miaka mingi waandishi wa programu za Windows walichukulia kwamba inchi moja ni pikseli 96, na wakachora kila kitu kwa hesabu hiyo. Programu yako bado inaamini hivyo. Inachora dirisha lake dogo, halafu Windows, kwa kuwa umeiomba 200%, inalichukua dirisha zima kama picha na kulivuta. Picha ikivutwa inapata mvuke. Programu ya mwenzako ni mjanja wa uongo: iliiambia Windows "niachie, nitajikuza mwenyewe", ikaachiwa, kisha ikakuza nusu ya kazi au isikuze kabisa. Programu nyingi zinazotegemea Java, lugha ya kuandikia programu, toleo la 8 au la nyuma yake ziko kundi hili. Java 9, iliyotoka 2017, ndiyo iliyoleta ukuzaji unaoeleweka kwenye Windows.

Tiba zote mbili ziko mlango mmoja. Funga programu. Bofya kulia kwenye ikoni yake, "Properties", kichupo cha "Compatibility", kitufe cha "Change high DPI settings". Chini kabisa utie tiki "Override high DPI scaling behavior", kisha fungua orodha iliyo chini yake. Kuna majibu matatu.

Wewe mwenye ukungu, anza na "System (Enhanced)". Hapo Windows inajaribu kuchora upya herufi na mistari kwa ukali badala ya kuvuta picha. Kwa programu za kizamani zenye fomu na majedwali, kama hizo za uhasibu, mara nyingi unaona tofauti papo hapo: tarakimu zinakauka, ingawa vipicha vya vitufe vinabaki na ukungu wao. Ikivuruga mpangilio, rudi nyuma, hakuna kilichoharibika.

Mwenzako achague "System" tupu. Hapo anainyang'anya programu ule uongo, Windows inavuta dirisha zima, vitufe vinakuwa vikubwa na ukungu unaingia. Ndiyo, nimembadilishia ugonjwa. Lakini nikilazimika kuchagua, nachagua ukungu. Ukungu unaudhi tu. Udogo unakufanya ubonyeze Futa ukidhani umebonyeza Hifadhi, na hilo limenikuta siku ya kufunga hesabu.

Jibu la tatu, "Application", ni kwa anayetaka ukali hata kama vitu vitakuwa vidogo. Wachora ramani huipenda.

Jambo jingine dogo: programu nyingi huuliza kiwango cha ukuzaji mara moja tu, unapoingia kwenye akaunti yako. Ukibadilisha "Scale" kisha ukaona mambo yamekaa upande, toka kwenye akaunti na uingie tena kabla ya kufanya lolote.

Nina laptopu ya 4K na monita ya pembeni ya Full HD. Dirisha likivuka linabadilika ukubwa ghafla, na mshale nao kuna mahali unagota kama umefika ukutani.

Ukuta upo kweli. Windows inazipanga skrini kwa pikseli, haijali sentimita. Laptopu yako ina kimo cha pikseli 2160, monita 1080. Kwa macho yako monita ndiyo kubwa, lakini kwenye ramani ya Windows inafika nusu tu ya ubavu wa laptopu. Nusu iliyobaki haina jirani, na mshale ukifika hapo unagota. Nenda "Display", utaona visanduku viwili vyenye namba. Kiburute kisanduku cha monita juu au chini hadi kikae usawa wa mahali unapovukia mara nyingi. Windows 11 za karibuni zina pia tiki ya "Ease cursor movement between displays" chini ya "Multiple displays", inayouelekeza mshale kwenye upenyo ulio karibu.

Dirisha kuruka ukubwa ni jambo la kawaida: linapovuka nusu ya mwili wake, linapokea kiwango cha skrini mpya. Yale yanayopata ukungu baada ya kuvuka ni ya programu zilizojifunza kiwango cha skrini kuu tu. Basi ifanye skrini kuu iwe ile unayofanyia kazi zaidi, utoke kwenye akaunti, uingie upya.

Natumia Linux, GNOME. Mshale ni mkubwa kwenye eneo la kazi, nikiingia programu moja unasinyaa, nikitoka unarudi.

Kwenye Wayland, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye Linux za siku hizi, kila programu hujiletea picha ya mshale ikiwa ndani ya dirisha lake, na hiyo moja haijasikia ukubwa uliouchagua. Fungua teminali uandike:

gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-size 32

Ukubwa wa kuanzia ni 24. Kama tayari umeweka ukuzaji wa 200%, usirukie 96, maana namba hii nayo inazidishwa. Kwa programu za kizamani zinazopitia XWayland, daraja la programu zisizoijua Wayland, ongeza mstari XCURSOR_SIZE=48 kwenye faili la /etc/environment, kisha utoke na kuingia. Ikikaa kubwa mno, punguza.

Nilijaza namba kubwa kwenye "Custom scaling" kwa majaribio. Sasa madirisha hayaenei kwenye skrini, vitufe vya chini sivifikii.

Kwenye kibodi bonyeza kitufe cha Windows na I pamoja, kisha Windows na kitufe cha mshale wa juu ili dirisha lijae. Ingia System, kisha "Display", ukitembea kwa kitufe cha Tab na kuchagua kwa Enter pale mausi isipofika. Utakuta maandishi "Turn off custom scaling and sign out". Yabonyeze. Na usirudi huko bila sababu: namba hiyo inashika skrini zote kwa pamoja, wakati orodha ya kawaida inakuruhusu kila skrini na kiwango chake.

Nimeunganisha laptopu na televisheni ya 4K. Ukubwa sawa, lakini mshale unakokota, kama unapita kwenye tope.

Hapo ukuzaji haumo. Fungua "Advanced display" usome kasi ya kuonyesha picha. Ikisema 30 Hz, mshale unachorwa mara 30 tu kwa sekunde, nusu ya uliyozoea. HDMI 1.4 haivuki hapo kwa 4K. Kwa 60 Hz unahitaji HDMI 2.0 kwenye laptopu, waya na tundu la televisheni, vyote vitatu. Angalia tundu kwanza. Televisheni nyingine zina matundu manne na si yote yanayopokea 60 Hz, au yanapokea baada ya kuruhusiwa kwenye menyu yake.