Mwaka wa safari za nje kwa anayeanzia Tanga

Wadogo zangu, kama mnaishi Tanga na mnataka kuutumia mwaka kuona nchi za watu, anzeni kwa kuiweka kando ile picha ya msafiri aliyefunga begi Januari, akazunguka dunia na kurejea nyumbani Desemba. Ratiba za namna hiyo zimejaa mtandaoni na wengi mnaniletea mkiwa mmezinakili kama zilivyo. Wameziandika watu ambao pasipoti zao zinapita karibu kila mpaka bila maswali. Pasipoti yetu ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini ina kanuni zake, na kubwa ni hii: balozi nyingi hupokea maombi ya viza kwa mtu anayeishi kihalali katika nchi wanayoihudumia. Mtanzania aliyeko matembezini Kuala Lumpur akitaka viza ya Ulaya ataambiwa akaombee kwao. Kwa hiyo mwaka wetu wa safari ni safari kadhaa zinazotoka Tanga na kurudi Tanga. Unakwenda, unarudi, unafua nguo, unapeleka makaratasi, unatoka tena.

Nimekaa miaka mingi nikiwapangia watu safari hapa mjini, na wanaolikubali hilo mapema ndio wanaofika mbali. Wala si jambo geni pwani. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakangoja upepo ugeuke, yakarudi na kusi. Nahodha hakuondoka siku aliyojisikia. Ninyi pia mna pepo mbili za kuangalia: majira ya kule mnakokwenda, na muda ambao makaratasi yanachukua.

Tuanze na makaratasi. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018, inadumu miaka 10, ada yake ni shilingi 150,000, na fomu yake inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Kinachowakwamisha watu wa kwetu mara nyingi ni majina kuliko hiyo ada. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahamisi Abdalla, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamis Abdallah, cheti cha shule kina jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Nyumbani ni mtu mmoja, hakuna anayeuliza. Dirishani ni watu watatu. Chukua jioni moja, tandaza vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na kama haviendani shughulikia masahihisho kabla hujagusa fomu ya pasipoti. Kuanzia hapo, tiketi, bima, hoteli na viza viandikwe kama pasipoti inavyosema, hata kama mama yako anakuita vingine.

Walio na pasipoti tayari, tazameni tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka ibaki na miezi 6 au zaidi siku unapoingia. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo ichukue mapema, kwa sababu inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo hiyo ni ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe.

Sasa safari yenyewe ya kwanza. Nasema kila mara, na kila mara kuna anayekunja uso: iwe Mombasa. Mtu ana ndoto ya Paris, mimi namwambia apande basi la Horohoro! Lakini pale mpakani, kwa gharama ndogo kabisa, unajifunza yote utakayoyahitaji uwanja wa ndege wa mbali. Horohoro ya kwetu na Lunga Lunga ya Kenya ni kituo cha pamoja, kwa hiyo muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa kwenye jengo moja. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji viza kuingia Kenya. Beba pasipoti, kwa maana ruhusa ya kuvuka kwa kitambulisho cha taifa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamepeana wao, sisi hatumo. Afisa atauliza unakwenda wapi, siku ngapi, unafikia kwa nani. Jibu kwa kifupi na useme ukweli. Akikurudishia pasipoti, usiondoke dirishani kabla hujautazama muhuri: tarehe inasomeka? Umepewa siku ngapi? Ni tabia ya sekunde chache ambayo kule ugenini itakuepusha na faini au kufukuzwa nchini. Na tafadhali msipite njia za panya kwa kuwa tu mna shangazi upande wa pili. Mtu asiye na muhuri hana ushahidi kwamba aliingia nchini kihalali.

Ukishavuka kivuko cha Likoni una Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na una treni ya Nairobi iliyozinduliwa mwaka 2017. Siku nne au tano zinatosha. Andika kila shilingi unayotumia, kwa sababu daftari hilo ndilo litakalokuambia wewe ni msafiri wa gharama gani. Hilo mimi siwezi kukukadiria.

Safari ya pili ielekee kusini. Zambia, Malawi, Msumbiji, Botswana na Afrika Kusini zote zinatupokea bila viza kwa matembezi, Afrika Kusini hadi siku 90. Ningechagua Zambia, maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria, na ningechagua miezi ya Aprili hadi Juni. Hapa majira yana maana kubwa. Mto Zambezi hufurika karibu na Aprili, na moshi wa maji unaonekana kabla hujafika mji wa Livingstone. Ukija Oktoba au Novemba, sehemu kubwa ya ukingo wa upande wa Zambia ni mwamba mkavu. Watu wengi huchukua likizo mwisho wa mwaka, wakasafiri siku mbili kwa basi kupitia Tunduma, wakakuta mtiririko mdogo, wakarudi wakisema picha zilidanganya. Picha ni za kweli. Zimepigwa mwezi mwingine.

Anayependa miji ya mawe kama ya kwetu, Kisiwa cha Msumbiji kitamgusa moyo. Kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1991. Ila nawasihi msikiendee kwa barabara kupitia Mtwara: jimbo la Cabo Delgado lina mapigano tangu Oktoba 2017. Pandeni ndege hadi Nampula.

Katikati ya mwaka, kati ya mwisho wa Juni na Septemba, ndipo ninapowapeleka watu Oman, na wengi hawanielewi mpaka wafike. Muscat wakati huo joto linapita nyuzi 40, na ukienda kwa ajili ya Muscat peke yake nenda Novemba hadi Februari. Lakini Salalah, kusini mwa nchi, ina hali yake. Upepo wa kusi, huohuo unaowapa shida wavuvi wetu wa Tanga miezi hiyo, unavuka bahari, unagonga milima ya Dhofar, na milima inafunikwa ukungu na manyunyu. Vilima ambavyo miezi mingine ni vumbi vinageuka kijani. Waarabu kutoka nchi zote za Ghuba hukimbilia huko kupunga upepo, kwa hiyo malazi yawekwe mapema. Huko ndiko unakoota mti wa ubani. Nenda Wadi Dawkah, ukaone miti mifupi yenye gamba linalobanduka kama karatasi. Mvunaji hukwangua gome, utomvu mweupe hutoka kama tone la maziwa, na huachwa siku kadhaa ukauke ndipo uvunwe. Kwa mtu aliyekulia nyumba inayofukizwa ubani kila Ijumaa, ni vigumu kusimama pale bila kuguswa. Viza ya Oman huombwa mtandaoni. Muscat nako utakutana na wazee wanaozungumza Kiswahili kizuri cha Unguja, wasalimie shikamoo.

Anayetaka Umra apange kwa kalenda ya Kiislamu. Ramadhani inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, bei hupanda ndani yake, na viza za Umra husitishwa Hija ikikaribia.

Asia ina milango iliyo wazi kwetu ambayo wengi hawaijui. Singapore tunaingia bila viza kwa siku 30, na Malaysia pia hatuhitaji viza. Singapore wanataka ujaze kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona tovuti inayodai malipo kwa kadi hiyo, ifunge. Kutoka Singapore unapanda basi hadi Melaka, mji wa bandari wa Malaysia uliokua kwa pepo za msimu kama miji yetu. India ina viza ya mtandaoni, lakini Kerala mvua kubwa huanza Juni, kwa hiyo iwekeni Novemba na kuendelea.

Ulaya ndiyo inayoumiza watu roho, basi tukae hapo kidogo. Viza ya Schengen inafungua nchi 29, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45. Ombea kwenye nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Siku ya miadi Dar, usitegemee basi la alfajiri kutoka stendi ya Kange. Lala Dar usiku uliotangulia. Na kumbuka kwamba pasipoti inabaki kwao wakati ombi linashughulikiwa, na pasipoti ni moja. Mwezi huo kwenye kalenda uandike NYUMBANI kwa herufi kubwa, usiuuze kwa tiketi ya bei rahisi ya kwenda popote.

Faili la Ulaya huanguka zaidi kwenye taarifa ya benki. Nieleze linavyokuwa. Mtu ana mshahara wa laki saba. Kila mwezi unaingia, unatoka, inabaki elfu hamsini. Wiki mbili kabla ya kuomba viza zinaingia milioni nane kwa mkupuo. Ni pesa yake halali kabisa: zamu yake ya mchezo wa kuchangishana pesa imefika. Lakini afisa anayesoma karatasi haujui mchezo wenu wa Barabara ya Nane, anaona pesa ya kuazimwa iliyopita kuonyeshwa. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni barua ya kikundi, yenye majina ya wanachama, saini ya kijumbe anayekusanya pesa na nakala ya daftari. Ya pili ndiyo ninayoipenda: mchezo ukianza mwaka, omba zamu ya mapema, pesa ilale benki miezi 6 huku mshahara unaingia na kutoka kama kawaida. Kijumbe mweleweshe mapema, wengi hukubali wakijua sababu.

Mlioajiriwa mna sheria upande wenu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Zungumza na bosi Januari kuhusu kuzigawa, na upate jibu kwa maandishi, kwa sababu barua ya mwajiri inayosema una kazi ya kurudia ni nguzo ya faili la viza.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Mabinti wa hapa wanaambiwa na dalali kwamba watasafiri "kutalii" Uarabuni kwa viza ya matembezi, kazi watapewa wakifika. Viza ya matembezi haikupi haki ya kazi wala mkataba, na ukidhulumiwa huna karatasi ya kushika. Kama ni kazi, upite njia ya kazi, mkataba uusome ukiwa bado Tanga na nakala ibaki kwa mzazi. Kama ni matembezi, tiketi ya kurudi uwe nayo wewe mkononi, na pasipoti asikushikie mtu yeyote.

Pesa zikipungua katikati ya mwaka, na mara nyingi hupungua, ondoa Ulaya kwanza, halafu Asia. Mombasa, Zambia na Oman ziache zilivyo. Ombi la Ulaya la mwaka unaofuata, likiwa na mihuri ya nchi tatu ulizoingia na kutoka ndani ya siku ulizopewa, linasomwa tofauti na ombi la pasipoti tupu, na ile pesa ya mchezo itakuwa imelala benki muda mrefu zaidi.