Fundi Anajibu: Kitambaa cha juu kimelegea mpaka kinanigusa kichwa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tabora mjini, Ng'ambo. Gari yangu ndogo kile kitambaa cha juu kwa ndani kimeachia, kilianzia nyuma sasa kimefika kwa dereva, nikiangalia kioo cha kati naona kitambaa tu. Nimebana na pini kikaachia pembeni, jamaa mmoja akapiga gundi kwa bomba la sindano limebaki doa la njano. Sasa kuna mwingine anasema anashusha bodi yote ya dari, ile kitambaa kimegandishwa juu yake, nusu saa tu. Nimpe? Au naweza mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Wa nusu saa mwache apite, kushusha bodi ni sawa ila sio kazi ya nusu saa. Nyuma ya kitambaa kuna sponji nyembamba, na hiyo ndo imegandishwa kwenye bodi, gari ikishinda juani miaka na miaka sponji inakufa inakuwa unga, na jua la Tabora la mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza unalijua mwenyewe. Sasa hata upige gundi gani itashika unga, na unga haujashika kitu. Pini ni hivyo hivyo. Bodi lazima ishuke.

Mwenyewe unaweza ukiwa na mtu wa kukusaidia na huna haraka. Toa waya hasi wa betri usubiri dakika kadhaa, na ukiona plastiki za nguzo (zile zinazoshika paa pembeni ya milango na vioo) zimeandikwa SRS AIRBAG hapo usijaribu, tafuta fundi anayezijua, maana kuna gari eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, zimelala humo humo juu ya milango. Kama hakuna, fungua vizuia jua, mishikio (skrubu zimejificha chini ya vifuniko vidogo) na taa, soketi uibonyeze ndo uchomoe usivute waya. Raba za milango vuta za juu tu. Plastiki za nguzo zitakusumbua, klipu za gari ya siku nyingi zimekauka zinakatika ovyo, kwa hiyo uwe na za akiba na fanya kazi kukishapata joto, sio alfajiri ya baridi. Nguzo ya kati mara nyingi inabidi ufungue bolti ya mkanda. Hiyo bolti siku ya kurudisha ikazwe na spana kweli kweli, nimeshaona watu wanaikaza kwa vidole eti ni ya kushika plastiki tu!

Laza viti vya mbele, mwenzio ashike bodi ndo umalizie klipu za nyuma. Angalia waya zilizogandishwa mgongoni na tepu. Itolee mlango wa nyuma na usiikunje hata kidogo, ile ni kama kadibodi, ikivunjika mstari hautoki na utaonekana hata ukiweka kitambaa kipya.

Unga wote usugue na brashi laini, vaa barakoa. Kitambaa kipya kiwe na sponji yake, wakikuuzia kitupu kila kibonde kitaonekana. Gundi iwe ya kuhimili joto, ya kawaida itaachia tena, paka pande zote mbili usubiri ianze kunata ndo ulaze kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kiganja. Tundu la taa kata kesho yake.

SWALI: Fundi mambo, niko Mwanga, Kigoma. Nilibeba migebuka wabichi kutoka Kibirizi, harufu imegoma kutoka mpaka kitambaa cha juu kinanuka. Nimwage maji ya sabuni?

JIBU: Poa. Usimwage, maji yakizama kwenye sponji gundi inaachia. Chukua povu tu kwenye kitambaa kilichokamuliwa, pitisha taratibu bila kukandamiza, acha milango wazi kivulini mpaka kikauke. Ila anza na kapeti ya chini, maji ya samaki yameishia huko, itoe yote uifue uianike na sakafu yake uisugue.